Kambare Katika Chungu cha Pombe

Tanga, 2 Machi 1913

Kwa mchumba wangu Penina,

Salamu nyingi sana katika jina la Bwana wetu. Mimi ni mzima, ila joto la huku linaninyima usingizi. Ama baada ya salamu, kazi yangu kwenye ghala la mizigo inaendelea vizuri. Ninaandika majina juu ya makasha yanayokwenda Moshi kwa gari la moshi, na kila kasha la Arusha likipita mbele yangu naligonga kidogo kwa vidole, kama mtu anayebisha hodi kwenu. Wenzangu wananicheka. Msimamizi wa ghala amesema mwezi wa saba atanipa ruhusa nije nyumbani, na wazee wakiwa tayari tutafunga ndoa kabla sijarudi.

Sasa kuna jambo limenifikia. Watu waliotoka huko wameniambia kwamba yule Bwana Mrefu wa Usa, uliyekuwa ukifanya kazi nyumbani kwake, ameuza shamba na kurudi kwao Ulaya, nawe umerudi kwa baba yako Tengeru. Hilo ni jema. Lakini wamesema pia kwamba umebeba kutoka nyumba ile wadudu wa majini, umewatia katika chungu cha pombe cha marehemu bibi yako, na unalala nao chumba kimoja.

Penina, sisi ni Wameru. Kwetu samaki ni ndugu wa nyoka. Hatumli, hatumshiki, na akionekana kwenye mfereji hutolewa kwa kijiti na kutupwa mbali na migomba. Unalijua hilo tangu mtoto. Mama yangu amefadhaika. Amenitumia maneno kwamba hawezi kumpokea nyumbani mwake mkamwana anayelisha nyoka, na kwamba asiposikia wamemwagwa, mambo ya ndoa yatasimama.

Mimi binafsi nisingekuudhi kwa jambo dogo kama hili, lakini mama ni mama. Wamwage mtoni, ukioshe chungu kwa majivu, na uniandikie kwamba yamekwisha.

Nisalimie baba na mama, waambie shikamoo.

Wako,
Sifael

&nbsp;

Tengeru, 21 Machi 1913

Sifael,

Salamu zako nimezipokea pamoja na joto la huko. Huku kwetu mvua imeanza, baba hajambo, mama anakohoa kidogo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma tena nikiwa nimekaa, na mara zote imenikasirisha vilevile. Kwa hiyo ngoja nikujibu.

Siwamwagi.

Umeambiwa na watu wa njiani, basi sasa uambiwe na mwenye chungu. Bwana Mrefu alikuja nao kutoka Ulaya katika sanduku la kioo. Alisema wametoka kwenye mito ya Amerika ya Kusini, ng'ambo ya bahari nyingine kabisa. Wana urefu wa kidole gumba. Rangi yao ni ya majivu yenye madoa meusi, kama nguo iliyorukiwa na matope. Chini ya mdomo wana ndevu, na kwa ndevu hizo wanapapasa mchanga kutwa nzima wakitafuta chakula. Mpishi wa Bwana, mtu wa Pangani, alisema ni kambare kwa sababu ya ndevu, halafu akasita, maana kambare anayemjua yeye ana ngozi tupu, na hawa wamevaa magamba mapana yaliyopangwa safu mbili ubavuni. Ghafla mmoja hupanda juu mbio, anameza hewa, anarudi chini kana kwamba ameiba. Na wanakonyeza, Sifael. Jicho linageuka chini, linarudi. Nyoka hakonyezi, hana hata kope.

Bwana alipokuwa akifunga mizigo aliniambia niwape paka. Nikamwambia nawataka mimi. Alicheka mpaka akakaa juu ya kasha, akasema watakufa kabla sijafika nyumbani. Sanduku la kioo lilipasuka njiani, kweli, lakini nilikuwa nimeshawahamishia kwenye kibuyu. Hawakufa. Mmoja alikufa baadaye, na kosa lilikuwa langu: niliweka chini ya chungu changarawe nyeusi ya mlima wetu, nayo ni kali, ikamla ndevu zote akashindwa kutafuta chakula. Sasa nimeweka mchanga laini wa kona ya mto, niliouosha mpaka maji yake yakawa meupe. Ninawakatia minyoo ya chini ya migomba. Nilijaribu pia yale maji mekundu ya mto wa Maji ya Chai, nikadhani yatawafaa kwa kuwa wanapenda kiza, wakanyong'onyea siku ileile. Nikawarudishia maji ya mfereji wetu, wakapona.

Utauliza kwa nini ninajisumbua. Katika nyumba ile nilifua, nilipika, nilibeba watoto wa wageni mgongoni, na vyote nilifanya kwa kuwa niliambiwa. Hawa niliwatazama kwa kuwa nilitaka. Hakuna aliyenituma. Ni kitu changu cha kwanza cha namna hiyo, na sikitoi kwa sababu mtu amefadhaika, hata akiwa mama yako, ambaye namheshimu sana.

Na kuwamwaga mtoni ndiko nisikoweza kabisa. Hawaujui mto huu, na mto haukuwaomba.

Sasa nawe nisaidie. Uko bandarini, mahali penye mabaharia wa kila nchi na watu wanaojua samaki. Nimekuchorea mmoja kwa kalamu ya risasi nyuma ya karatasi hii. Waulize ni nani huyu: ni kambare au si kambare, na kwao ni wapi. Nikipata jina lake nitakwenda kwa mama yako na wazee na nitaweza kujibu.

Ni mimi,
Penina

&nbsp;

Tanga, 12 Aprili 1913

Mchumba wangu Penina,

Salamu. Barua yako imefika, imenisikitisha. Sikutegemea neno "siwamwagi" kutoka kwa msichana aliyelelewa vizuri.

Hata hivyo nimefanya ulivyoniagiza. Nimeuonyesha mchoro wako bandarini kwa watu wenye maarifa. Wamenijibu kwa kifupi kwamba ni nyoka wa maji wa nchi za mbali, aina inayoota ndevu. Wanasema akikua hutoka majini usiku. Basi jambo limekwisha, una jibu, na jibu ni lile alilolisema mama tangu mwanzo.

Nakuomba pia, kwa usalama wako, usiwashike kwa mkono mtupu. Wana mwiba kwenye pezi la ubavuni, huku na huku, na ukikuchoma utalia hadi jioni. Kambare wote ndivyo walivyo, ndiyo maana mwiba ule hukatwa kwanza kabla ya jambo lingine lolote. Wamwage pamoja na maji yao, usiwaguse.

Mama amesema hii ni mara ya mwisho anakuambia. Wenzangu wa rika nao wameanza kuuliza huko nyumbani. Mimi ni mtu wa kazi ya karani, Penina, jina langu linasomwa kanisani. Usinitie aibu.

Mwezi wa saba unakaribia, nami nahesabu siku.

Sifael

&nbsp;

Tengeru, 6 Mei 1913

Sifael,

Mimi ni mzima. Wageni wangu pia ni wazima, na sasa wameongezeka.

Mvua za masika zilipozidi, nilikinga maji yanayotiririka kutoka kwenye majani ya migomba nikayamimina chunguni, maana mfereji ulijaa matope. Maji yakawa ya baridi kama ya mlimani. Nilidhani nimewaua. Asubuhi nikawakuta wamechangamka kama watu wa harusini, madume yanamfuata jike kubwa kila anapokwenda. Naye alikuwa ameyafumbata mayai chini ya tumbo kwa mapezi yake, kama mama aliyebeba unga kwenye pindo la nguo. Akaogelea hadi kwenye kigae nilichokiegemeza ndani ili wapate kivuli, akayabandika pale machache, akaenda akarudi na mengine. Nilipiga magoti pale mpaka uji ukaungua, na mama akanigombeza, na sikujali.

Wao wenyewe wakaanza kuyala. Ikabidi nikitoe kigae pamoja na mayai nikitie kwenye bakuli la peke yake. Sasa nina watoto, kila mmoja mdogo kuliko punje ya ulezi, na ndevu wanazo tayari. Bwana Mrefu aliniambia samaki hawa hawawezi kuzaa katika nchi hii. Laiti ningekuwa na anwani yake.

Sasa sikiliza niliyoyaona wiki iliyopita. Nilikuwa uani natwanga, akaja binamu yako Sadoki. Hakukaa. Alizungukazunguka, akasifu migomba, akasifu mbuzi, kisha akasema amekuja kuchukua chungu. Nikamwambia, "Shemeji, karibu sana, lakini mchi huu sijauweka chini." Akasema, "Mimi nimetumwa tu, Penina. Nimwage halafu nimpelekee majibu." Nikamwuliza, "Majibu unampelekea nani, mama yake Sifael?" Akasema, "Mama hajui lolote. Sifael ameniandikia mimi, na amesema mama asiambiwe."

Mama asiambiwe. Maneno hayo ameyasema mbele yangu na mbele ya mama yangu, akiwa ameshika ukingo wa chungu. Nilimwambia autoe mkono. Akautoa. Amekwenda zake bila chungu na bila hata kunywa maji.

Baada yake akaja Mzee Mikaeli, mzee wa kanisa, maana habari zilimfikia. Nilimwamkia, nikampa kigoda. Akasema Mkristo hakai na nyoka. Nikamwambia, "Baba, kanisani tunasomewa habari za mikate mitano na samaki wawili. Wewe mwenyewe ulizisoma juzijuzi, na hukutema mate. Wanafunzi wale walikuwa wavuvi. Je, walikuwa wakivua nyoka?" Akasema ile ni Galilaya. Akaomba maji ya kunywa, nikampa ya mtungini, na aliyachungulia kwanza kabla ya kuyanywa.

Sasa nakurudia wewe. Umeandika kwamba mnyama huyu ni nyoka. Halafu mistari michache chini umeandika kwamba ana mapezi, kwamba kambare wote ndivyo walivyo, na kwamba mwiba wake hukatwa kwanza kabla ya jambo lingine lolote. Nimekaa na maneno hayo siku nyingi. Mimi naishi nao na mwiba huo sikuwa nimeujua; nimemshika mmoja kwa kitambaa nikautazama, na kweli upo. Wewe uliyeona mchoro tu umeujuaje? Na hukatwa kabla ya jambo gani, Sifael?

Siku ya Jumamosi ninakwenda kwa mama yako. Najua si desturi mchumba kwenda kwa mama mkwe peke yake kabla ya kupelekwa. Nitakwenda, na chungu kitakwenda nami.

Penina

&nbsp;

Tanga, 25 Mei 1913

Penina,

Barua yako imenifikia leo na Jumamosi uliyoitaja imekwisha kupita. Kama hukwenda, usiende. Kama umekwenda, sijui niseme nini, lakini nitasema kweli kwa kuwa sina jingine lililobaki.

Ninakula samaki.

Mwanzoni sikula. Nilipopanga hapa mtaa wa Ngamiani kwa Bi Mwanakombo nilikuwa nakula wali mkavu, na kila mchana nikimwambia tumbo linaniuma. Yeye hakuuliza. Siku moja nilitoka ghalani nina njaa ya mtu aliyetoka kuugua, nikakuta sahani imefunikwa, nikala gizagiza bila kutazama, na nilipotazama nilikuwa naufuta mchuzi wa samaki wa nazi kwa kidole. Nilitoka nje nikakaa ukutani nikingoja kitu kinipate. Hakikunipata kitu. Kesho yake niliomba tena. Sasa Bi Mwanakombo hunituma sokoni kumchagulia, na kambare wa mto anaponunuliwa ni mimi ninayekata mwiba. Basi umejua.

Unamkumbuka Eliasi wa Maji ya Chai, aliyefanya kazi Pangani? Alirudi akasema mwenyewe, kwa kujisifu, kwamba amekula samaki. Hadi leo kwenye pombe hupewa kibuyu chake peke yake na hukaa mlangoni. Hakuna wa rika anayepokea kibuyu kutoka mkononi mwake. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliomsukuma mlangoni, na nilicheka. Nilipokuja Krismasi nilikunywa na wote katikati ya nyumba, nikidhani kila mtu ananinusa.

Ndipo nikasikia una samaki chunguni. Niliwaza kwamba watu watakutazama wewe, kisha watageuza shingo wamtazame anayetoka Tanga. Nikaona heri nipige kelele ya nyoka kabla ya wengine. Mama hakuniambia neno. Niliyaweka maneno kinywani mwake kwa sababu nilijua hutabishana naye. Nilikosea hata hapo.

Mchoro wako niliupeleka kweli. Baharia mmoja aliyewahi kufika Amerika ya Kusini aliutambua mara moja. Alisema huko mito imejaa kambare wadogo waliovaa deraya ya magamba kama askari wa kale, wa aina nyingi, na wako ni mmoja wao. Alisema hewa wanayoimeza juu huwasaidia maji yakiwa mabaya. Alisema pia aliyeuchora ana jicho zuri. Yote haya niliyajua mwezi wa nne nikakuandikia uongo.

Usimwambie mama. Nakuomba kwa unyenyekevu. Nitakubali chungu, nitakubali watoto wa samaki, nitakubali yote. Lakini hilo moja lifiche, tuishi.

Sifael

&nbsp;

Tengeru, 16 Juni 1913

Mwanangu Sifael,

Anayeandika ni Penina, anayesema ni mimi mama yako. Mwalimu Eliamini anayenisomeaga barua zako amekwenda Moshi, na heri amekwenda, maana maneno haya si ya mwalimu. Nimemwambia Penina aandike kila neno, hata yanayomhusu, na akiacha moja nitajua kwa uso wake.

Msichana huyu alikuja kwangu mchana, watu wakimwona, na chungu kichwani. Nilishangaa. Nikamwuliza, "Mwanangu, nani amekuleta?" Akasema, "Nimejileta." Nikampa mahali pa kukaa. Akasema, "Mama, shikamoo, nimekuja kujibu maneno uliyonitumia." Nikamwambia sikumtumia maneno. Ndipo akatoa barua zako akanisomea niliyosema. Nilikaa nikajisikiliza mimi, mtu mkali, ninavyomfukuza mkamwana wangu. Sikujua kama nina maneno mengi hivyo.

Nikamwambia anionyeshe hao nyoka. Nimewatazama. Siwapendi, Sifael. Mwili ulinisisimka, na yule mkubwa aliponikonyeza niliondoa uso. Lakini kutokuwapenda ni kwangu mimi. Sikukupa huko kutowapenda kwangu ukutumie kumtisha mtu. Unapoogopa, ogopa kwa kinywa chako.

Barua yako ya mwisho ilipofika kwao, Penina hakuja kunisomea. Mimi ndiye niliyekwenda kumwuliza kama umejibu. Akasema umejibu, na kwamba yaliyomo utasema mwenyewe. Nilimkazia macho naye akanikazia macho. Basi nikamwambia mimi.

Nilijua unakula samaki. Ulipokuja Krismasi ulilala hapa karibu na moto, mdomo wazi, nami ni mama yako, nilikunusa tangu ulipokuwa na siku moja. Nilinusa kitu kisicho cha huku. Nililia kidogo, nikasema, basi, ameshakula. Asubuhi nilikupa pombe kwenye kibuyu changu mimi, si cha wageni, ukanywa, kisha nikanywa mimi baada yako. Ulikuwa ukitazama mlango. Hukuona.

Kwa hiyo usiombe nifichwe kitu nilichokwisha kukinywa.

Ukija, njoo. Nina uzee wa kutosha kuona rika lako likinuna. Mimi mama yako.

Hapa ameondoka kwenda kukamua. Sasa ni mimi, Penina.

Nimeandika kila neno lake, hata lile la kibuyu. Usidhani nilikuwa jasiri wakati wote. Nilipofika mlangoni kwake na chungu kile nilitaka kugeuka.

Baridi ya mwezi huu ni kali, asubuhi maji ya chungu yanauma vidole, lakini wao wanakwenda tu polepole na hawafi. Watoto wamefika urefu wa ukucha. Jina la baharia nimelipenda: kambare wa deraya. Nimemwambia kila mtu aliyeuliza, na nimemwambia Mzee Mikaeli kabla hajauliza.

Sasa neno langu. Siri yako sijaitoa na sitaitoa, si kwa rika, si kwa baba. Lakini siolewi na siri. Nimechoka kukaa katika nyumba ambamo mtu anatazama mlango. Chungu hiki kitaingia nyumbani kwetu mchana, mbele yangu, na wewe utaingia ukiwa umesema kwa kinywa chako unachokula. Ukija umebeba maneno ya mama mdomoni tena, ng'ombe wa mahari wa baba yako utakutana nao njiani wakirudi kwenu, na hutasikia nikilia.

Ninakupenda. Ndiyo maana nimeandika kwa hasira.

Penina

&nbsp;

Moshi, 9 Julai 1913

Penina,

Nimeshuka kwenye gari la moshi jana jioni. Ninaandika nikiwa nimekaa juu ya kikapu, na ndani ya kikapu kuna samaki wakavu kutoka kwa Bi Mwanakombo. Alipojua ninarudi kuoa alitaka kunipa shuka. Nikamwambia anipe samaki. Alinitazama kana kwamba nimeshikwa na homa, kisha akanichagulia wazuri.

Kwenye behewa nilikaa na Wachaga wawili na mtu mmoja wa huko kwetu, wa Engutoto, anayenifahamu. Akaniuliza nini kinanuka. Nilikuwa na jibu la uongo tayari, lilikuwa limefika hapa kwenye meno. Nikasema, "Samaki. Wa kwangu. Ninakula." Alihama akaenda kukaa mlangoni, naye anatangulia mbele yangu leo na punda wa Mhindi mmoja mwenye duka, kwa hiyo habari itafika Tengeru kabla yangu. Sikumzuia. Nilikishika kikapu kwa mikono miwili mpaka stesheni ya pili, halafu nikalala usingizi ambao sijaupata tangu mwaka jana.

Barua ya mama nimeisoma na siwezi kuizungumzia kwenye karatasi.

Nitapita kwa Eliasi pale Maji ya Chai. Nataka kunywa kwenye kibuyu chake, mlangoni kwake, watu wakipita, kisha nimwombe radhi kama atanisikiliza. Akinifukuza atakuwa na haki. Kutoka hapo nitakuja moja kwa moja. Kikapu nitakibeba kichwani, sitakifunika.

Sifael

&nbsp;

Tengeru, 11 Julai 1913

Sifael,

Tarishi aliyeleta barua yako nimempa karatasi hii akukute kwa Eliasi. Mtu wa Engutoto amekwisha kupita na habari, ameitangaza kuanzia sokoni hadi kanisani bila kuombwa. Sadoki amekuja mbio kuniuliza kama ni kweli. Nikamwambia akuulize wewe, una mdomo sasa.

Mambo mawili ya nyumbani. Kikapu chako kitakaa nje, chini ya ukingo wa paa, mbali na chungu. Na unawe mikono vizuri kabla hujawashika hawa wangu. Si kwa ajili ya nyoka. Ni kwamba wako ni wa kuliwa na wangu ni wa kutazamwa, na sitaki wachanganywe hata kwa harufu.

Eliasi, akikubali, aje nawe. Mwambie kwetu hapa kibuyu cha mlangoni tumekivunja, atakunywa nasi.

Rika lako limekusanyika uani kwetu tangu asubuhi, na Mzee Mikaeli yupo, na baba amevaa shuka lake jipya asijue kama ni harusi au ni kesi. Wamesimama wote upande wa zizi. Mama yako amefika sasa hivi. Alitazama upande wa zizi, akatazama chungu nilichokiweka katikati ya mlango, akaja akasimama karibu nami, ingawa uso ameugeuzia pembeni ili hawa wangu wasimkonyeze.

Tuko wawili upande huu. Njoo tuwe watatu.

Penina